Ushanga wa Kisogoni

Sehemu ya kumi na moja

Mlioshika roho mkononi tangu wiki iliyopita, iwekeni chini. Shangazi hakuzimia. Alikuwa bado amesimama nyuma ya meza yake, katika duka lake la vidani vya bandia, na kile kidani cha harusi kilikuwa bado kiganjani mwake, kimegeuzwa nyuma mbele. Na kile alichokiona pembeni mwa kishikizo hakikuota miguu kikaondoka.

Ushanga mmoja wa kijani kilichopauka.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Shangazi hutunga vidani vya maharusi kwa mkono wake mwenyewe, na kila kimoja hukitia ushanga mmoja wa rangi ya peke yake, nyuma kabisa, pale panapogusa kisogo. Rangi huichagua bibi harusi mwenyewe. Wageni hawauoni, hata picha hazituambii kama upo. Huo, Shangazi huwaambia mabinti, ni wa mume peke yake.

Ushanga huu wa kijani aliutia miaka mitatu iliyopita. Aliuchagua Muuguzi mmoja mcheshi, akisema unamkumbusha mapazia ya wodi yake. Basi iweje leo kidani kilekile kiletwe na Wifi, mke wa kaka yake, ndani ya kasha jekundu, ati ni dhahabu tupu, zawadi ya Mpima Ardhi kwa mchumba wake? Na mchumba mwenyewe ni nani kama si Kidosho, binti wa huyohuyo Wifi?

Leo ni Jumatano. Harusi ni Jumamosi.

"Mbona umenyamaza, wifi?" Wifi akauliza, ameegemea meza kana kwamba kainunua. "Au ndiyo mara yako ya kwanza kushika dhahabu?"

Shangazi akakipimapima mkononi. Dhahabu hiyo aliifahamu tangu ilipokuwa waya wa shaba kwenye droo ya tatu.

"Kizuri," akasema. "Kimetoka wapi?"

"Ng'ambo. Mkwe wangu kakiagiza mwenyewe. Kimekuja kwa ndege."

"Ndege gani? Kuku?"

"Shangazi," Kidosho akamwita taratibu.

Sauti ile ndiyo iliyomfunga mdomo. Kwa Wifi asingejali, kwa maana Wifi ni mtu wa kununua viatu vya kubana ili aseme ana mguu mdogo. Lakini Kidosho alilelewa na Shangazi. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa akitoka shule na kuja moja kwa moja dukani, anakaa sakafuni chini ya meza anatenga shanga kwa rangi kwenye trei za mayai, mpaka jioni mama yake akumbuke kwamba ana mtoto.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Shangazi hakupenda kulikumbuka. Miaka miwili iliyopita Kidosho aliletewa posa na Mwalimu wa Kwaya. Shangazi alimwona kijana wa watu ameegemea ukuta mchana kweupe, macho mekundu, miguu haimshiki, akakimbia kwa kaka yake kutangaza kwamba mlevi huyo anataka kuwaolea mtoto. Posa ikavunjwa. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba Mwalimu alikuwa na malaria, tena alikuwa anatoka hospitali. Leo ana mke na mapacha, na wala hanywi hata soda.

Kaka yake alimwambia neno moja siku ile. "Ukimfukuzia mwanangu mchumba mwingine, wewe na sisi basi."

Kwa hiyo Shangazi akaumeza ulimi. Angesema nini? Kidani kinaweza kuibwa. Kinaweza kuuzwa. Huenda Muuguzi amefiwa, huenda ameachika. Ushanga wa kijani si cheti cha ndoa.

"Kishikizo kimelegea," akasema. "Niachieni hadi kesho nikikaze."

Wifi akacheka kwa pua. "Nikuachie? Ili kesho tukute shanga za kioo kwenye kasha na dhahabu yetu iko sonara? Kikaze hapahapa, macho yangu yakiona."

Shangazi akachukua koleo ndogo. Mtu aliyekuja na kioo anaogopa kubadilishiwa kioo. Ingekuwa siku nyingine angeangua kicheko mpaka watu wa duka la pili waje kuuliza kuna nini.

"Na wala hatukuja kwa hilo," Wifi akaendelea. "Tumekuja kukuchagulia wewe cha kuvaa."

"Mimi?" Shangazi akainua macho. "Mwenye duka la vidani achaguliwe kidani?"

"Ndiyo maana hasa. Wewe ukiachiwa utakuja umejitundika stoo nzima. Wakwe nimewaambia wewe ni mwalimu mkuu mstaafu."

Koleo ikasimama. Shangazi aliiacha shule kabla shule haijamwacha, darasa la saba, akaenda kutunga shanga, na hajawahi kuililia siku hata moja.

"Mwalimu mkuu wa nini?"

"Wa sekondari. Sasa ulitaka niseme nini? Kwamba shangazi wa bibi harusi anauza vioo? Watu wale ni wasomi. Mkwe wangu hajui kama una duka, wala asijue. Jumamosi ukae meza ya nyuma, utabasamu, na mtu akikuuliza habari za elimu, sema imeshuka."

"Mama, tulikubaliana hutasema hivyo," Kidosho akanong'ona.

"Tulikubaliana nini? Mimi namsaidia."

Wifi akaanza kupekua vidani vilivyotundikwa. Kile chenye mawe mekundu, hapana, kinapiga kelele. Kile cha lulu tatu tatu, hapana, wataniuliza mimi nimevaa nini. Kile cha duara za shaba, Mungu apishe mbali, mwalimu mkuu havai taa za barabarani shingoni. Vidani vile Shangazi alivitunga kwa wiki tatu tatu, na Wifi alivipita kwa ncha ya kidole kama anapima vumbi.

Mwishowe akaopoa kwenye kikapu cha watoto uzi wa plastiki nyeupe, punje ndogo ndogo, wa kuvalisha mwanasesere.

"Hiki," akasema, akamvisha Shangazi bila kuuliza, akarudi nyuma hatua mbili. "Umeona? Cha heshima."

Shangazi akajitazama kwenye kioo. Alionekana ametundikiwa vidonge vya homa.

"Nimependeza," akasema. "Nikipata mafua katikati ya sherehe, nameza kimoja."

Simu ya Wifi ikalia. Sauti yake ikageuka asali pale pale. "Eeh, baba. Umeshafika? Egesha tu pale nje kwenye kivuli, mimi namalizia gauni hapa kwa fundi cherehani. Hapana, usishuke, baba, utachafuka." Akakata, akaweka sauti yake ya kawaida. "Dakika kumi. Kidosho, kivae hicho kidani tuone kinavyokaa. Nawe wifi, usimtie mtoto maneno."

Akatoka. Manukato yake yalibaki nyuma yakichukua nafasi ya mtu mzima.

Kidosho akajivisha kidani mwenyewe mbele ya kioo. Halafu akageuka, na Shangazi akashangaa kuona anatabasamu, tena lile tabasamu la utotoni la mtu aliyeficha kitu mgongoni.

"Haya, mama ameondoka. Sasa niambie. Alikuja lini?"

"Nani?"

"Shangazi, acha hizo. Mimi nimekua chini ya meza hii. Umedhani sitauona ushanga wa kisogoni? Niliuona usiku uleule alionipa." Akashika kishikizo kwa nyuma, taratibu. "Mama anaimba dhahabu, dhahabu, mimi nimekaa kimya nacheka moyoni. Nikasema kumbe mwenzangu aliuliza uliza, akajua ninayempenda ni wewe, akaja kwako kimya kimya ukamtungia. Shangazi, siku ile ndiyo nilipompenda kweli. Kabla ya hapo nilikuwa namkubali tu."

Msomaji, hebu jiweke mahali pa Shangazi. Alihitaji neno moja tu. Angesema, "Alikuja mwezi uliopita, akaniapisha nisikwambie," mtoto angemkumbatia, kaka angemsamehe, na Jumamosi angekaa hata hiyo meza ya nyuma na vidonge vyake shingoni. Uongo ulishafungashwa na kufungwa utepe, ulibaki kupokelewa.

Na Shangazi, tusimpake rangi, aliutamani. Alifungua mdomo kuusema.

"Hakuja," akasema. "Sijawahi kumtia machoni."

Tabasamu likabaki usoni kwa Kidosho kwa muda, halina kazi.

"Basi alimtuma mtu."

"Hakutuma mtu. Kidani hicho nilikitunga miaka mitatu iliyopita, mwanangu. Kilikuwa cha bibi harusi mwingine."

Kutoka duka la pili cherehani ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia.

"Umeanza," Kidosho akasema.

"Sijaanza chochote. Nakuomba tu umuulize alikitoa wapi."

"Umeanza, Shangazi. Wa kwanza alikuwa mlevi. Huyu sasa ni nani, mwizi?" Macho yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti ilikuwa ngumu. "Mimi nilikutetea. Baba alitaka usialikwe kabisa, nikasema bila Shangazi sivai hata hilo gauni. Baba alisema utafanya tena. Alisema, subiri uone."

"Mwanangu..."

"Jumamosi usije."

Shangazi alisikia maneno hayo yakiingia moja moja. Akataka kujibu, na yeye si mtu wa kukosa jibu, hata msibani huwa analo. Safari hii aliishika meza tu.

Hapo mlango ukasukumwa.

"Shikamoo, mama. Umenisahau?"

Aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, sare nyeupe, viatu vya raba, saa imebanwa kifuani kwa pini. Uchovu wa zamu ulimkaa machoni, ila mdomo ulikuwa umeshaanza kucheka.

"Marahaba," Shangazi akasema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu wa mbali. "Wa mapazia."

"Wa mapazia!" Muuguzi akapiga makofi. "Nilijua hutanisahau. Mama, nimekuja kuchukua kidani changu. Mume wangu alikuletea wiki mbili zilizopita, kishikizo kilikuwa kinafunguka ovyo. Kila nikimuuliza, bado kwa fundi, bado kwa fundi. Nikasema leo nikitoka zamu napita mwenye..."

Akamwona Kidosho. Akaona shingo yake.

Shangazi akazidi kuishika meza.

"Aa, kumbe kiko tayari," Muuguzi akasema kwa furaha. "Na dada anakijaribu. Usijali, mpenzi, kila anayekiona anakijaribu. Kimekukaa vizuri kuliko mimi, haki ya Mungu. Muombe mama akutungie chako, lakini hatakutungia kama hiki, hilo nakuambia mapema. Harudiigi."

Kidosho alikuwa ameshika ukingo wa meza, upande wake, kama Shangazi alivyoshika upande wa pili.

Huu ndio ushahidi Shangazi alioutaka, umekuja kwa miguu yake, na viatu vya raba. Angeweza kusema, unaona? Angeweza kusema hata kwa macho. Alitazama trei za mayai pale sakafuni, akanyamaza.

"Mume wako anafanya kazi gani, dada?" Kidosho akauliza. Aliuliza kwa upole sana.

"Mpima ardhi. Nimeolewa na mtu wa maporini, mwenzangu. Wiki tatu yuko na ile darubini yake ya miguu mitatu, wiki moja yuko nyumbani amelala."

Kidosho, yeye, alikuwa ameambiwa na mchumba wake wiki tatu za ofisini na moja ya maporini. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Sasa nakitaka haraka," Muuguzi akaendelea, amegeukia vidani ukutani, "maana Jumamosi nina harusi. Yaani, sijaalikwa. Ni ya mfanyakazi mwenzake mume wangu. Yeye ndiye msimamizi wa bwana harusi, kashona na suti. Ati hakuna nafasi ya wake, ni watu wa ofisini tu. Nikamwambia sawa. Lakini nimebadilishana zamu, navaa, natokea pale ukumbini, namshtua. Ni ule ukumbi mpya nyuma ya benki."

"Wenye viti vyeupe," Kidosho akasema.

"Huohuo. Unaujua?"

"Nilivichagua mimi."

Muuguzi akacheka, akidhani ni utani wa mtu anayefanya kazi ukumbini.

Shangazi naye, katikati ya hayo yote, alikuwa ameshafika kwenye kiini cha upumbavu, na ulikuwa upumbavu wa kutunukiwa kikombe. Mwanaume alitaka zawadi ya mchumba, akaona mkewe ana kioo kinachong'aa. Kwake kioo ni kioo. Akakitoa kabatini, akamwambia mke kiko kwa fundi, tena akamtaja fundi wa kweli, akakitia kwenye kasha jekundu na kumpelekea mpwa wa fundi huyohuyo. Angejuaje? Wifi alishamwambia kwamba shangazi mtu ni mwalimu mkuu. Aibu ya Wifi na ubahili wa mkwe wake vilikutana vikashikana mikono, na wenyewe hawakujua.

Kidosho akainua mikono, akafungua kishikizo. Shangazi akasogea amsaidie, akakataliwa kwa kichwa. Msichana akakilaza kidani mezani, akakigeuza, akaweka kidole karibu na ule ushanga wa kijani.

"Dada, huu. Aliwahi kukuuliza ni wa nini?"

"Nani, mume wangu?" Muuguzi akauangalia, na kwa mara ya kwanza kicheko chake kikapungua. "Hajui kama upo. Mwaka wa kwanza nilikuwa namgeuzia shingo makusudi. Nikachoka."

Kidosho akakisukuma kidani upande wa Muuguzi.

"Chukua. Ni chako," akasema. Kisha, bila kumtazama Shangazi, akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu. Hakusema nisamehe, na hakukuwa na haja. "Shangazi, mtafutie hereni za kwenda nacho. Zile kubwa. Jumamosi anakaa meza ya mbele."

"Mimi sijaalikwa, mpenzi," Muuguzi akasema.

"Umealikwa."

Shangazi alikuwa ameshavuta droo aliposikia viatu kwenye ujia. Vya Wifi alivitambua, vinagonga sakafu kama vina kesi nayo. Lakini pamoja navyo kulikuwa na vingine, vizito, vya mtu asiye na haraka.

"Pita tu, baba," sauti ya asali ilikuwa inasema. "Ungebaki garini, lakini kwa kuwa umesisitiza kunibebea gauni. Ni kibanda tu cha fundi wa vishikizo, tunamchukua bibi harusi wako tunaondoka. Usimjali huyo mama, ana mdomo."

Mlango ukafunguka. Wifi aliingia kwanza, amemshika mkono mwanaume mrefu, amenyoa vizuri, ana mfuko mkubwa mweupe wa gauni begani. Alikuwa anatabasamu. Alimwona Kidosho, akazidisha tabasamu. Halafu yule mwenye sare nyeupe akageuka.

Mfuko wa gauni ukateleza begani, ukaenda chini.

"Kumbe na wewe umekuja kukichukua?" Muuguzi akasema, uso umemchangamka, amekiinua kidani kumwonyesha. "Mume wangu, kimeshapona. Na gauni la nani hilo?"

"Mume wa nani?" Wifi akauliza. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mkono wa mkwe.

Mpima Ardhi alitazama mlango. Ulikuwa nyuma yake, lakini mkono wa Wifi ulikuwa umemkaza.

"Karibu," Kidosho akamwambia, sauti imetulia kabisa. "Umetukuta tunamchagulia mke wako hereni za kuvaa kwenye harusi yako."

Shangazi akavua ule uzi wa plastiki aliovishwa, akaulaza kwenye kasha jekundu lililokuwa tupu, akalisogeza taratibu mpaka mbele ya Wifi. Kisha akanyoosha mkono akawasha taa iliyo juu ya kioo, ile ya kuwasaidia wateja kuona vizuri wanachochagua.